Baruti ya Mzee Merv

Tilparra, karibu na Brewarrina
4 Machi 1984

Shangazi Enid mpendwa, pamoja na Mzee Merv,

Pokeeni salamu zetu, na kwanza kabisa za Noreen, ambaye amesimama nyuma ya bega langu kuhakikisha zake zimetangulia. Sisi wazima. Mvua inanyesha tangu Januari kama vile mtu kasahau kufunga bomba, na nyasi ambazo hatukuziona miaka yote ya ukame sasa zinamfika mbwa masikioni. Kondoo wamenona. Mimi pia nimenona, ila hakuna anayenipongeza.

Ninyi huko Franklin mnaendeleaje? Tufaha mmeshaanza kuchuma? Na goti lako, Shangazi, limepoa?

Sasa haja yangu. Mvua imetuletea nyasi, na nyasi zimetuletea nguruwe mwitu. Mchana kutwa wanajificha kwenye matete ya mto Barwon, jua likilegea wanatoka kama wenye shamba. Kondoo wetu wataanza kuzaa Mei. Jirani ambaye kondoo wake wamewahi kuzaa ameshayaona: nguruwe humsubiri jike akiwa katika uchungu, na mtoto haachiwi hata nafasi ya kusimama. Siendelei, Noreen anasoma.

Bunduki tunayo, ile .308 ya marehemu baba mkwe. Shida ni risasi. Duka la mjini likiletewa, wafugaji wote wameshajipanga mlangoni, na mimi niliyekuwa nauza viatu Hobart mpaka nilipolioa shamba hili (Noreen anasema nilimwoa yeye) sina ubavu wa kusukumana na watu wenye kofia pana vile. Lakini stoo kuna ndoo nzima ya maganda matupu ya risasi za baba mkwe, na leseni ninayo. Nimeamua nijifunze kuyajaza mwenyewe nyumbani, kama anavyofanya Mzee Merv.

Mzee wangu, nakuomba unielekeze. Kwenye katalogi nimeona mashine inayozunguka: ukivuta mkono mara moja inafanya kazi zote kwa mpigo, risasi zinadondoka kwenye kisahani kama karanga. Naona inanifaa, mimi mtu wa haraka. Na naomba unipe kipimo chako cha baruti, kilekile ulichotwalia kombe la klabu. Nitakifuata bila kubadilisha chembe.

Ningepiga simu, lakini laini yetu tunaishiriki na majirani, na nikitamka neno baruti wote watatoka nje kuangalia moshi.

Mwanenu,
Lindsay


Franklin, Tasmania
22 Machi 1984

Lindsay mwanangu,

Barua yako imetukuta na afya zetu, na mimi nimecheka mpaka chai ikanipanda puani. Goti langu ni lilelile, linatabiri mvua kuliko redio. Mzee wako yuko shambani anapogoa mitufaha. Ndiyo, najua Machi ni mwezi wa kuchuma, si wa kupogoa. Nimemwacha. Mti ule ulikuwa na kiburi.

Nimemsomea barua yako. Haya ndiyo anayosema.

Mashine inayozunguka usinunue. Hiyo ni ya mtu anayejua tayari, maana kosa moja hapo linazaliana kabla hujaliona. Nunua ya hatua moja moja, nzito, ya chuma cha kuaminika, uifunge kwenye meza isiyocheza. Utafanya kazi moja kwa maganda yote, ndipo uhamie kazi nyingine. Utachoka. Kuchoka huko ndiko kujifunza kwenyewe.

Nunua kalibu za bunduki yako, vile vyuma vya kulirudishia ganda umbo lake, mizani ya baruti, kipimio cha urefu, kibao chenye matundu cha kusimamishia maganda, na grisi yake. Nunua miwani ya kinga, uivae, usiitundike msumarini kama picha ya malkia. Na kabla ya vyote nunua kitabu cha vipimo kipya, usome kurasa za mwanzo ambazo watu huziruka. Baruti inunuliwe ikiwa kopo halijafunguliwa, na haitoki kwenye kopo lake kwenda kukaa kwenye chupa ya jemu. Juu ya meza liwepo kopo moja tu. Moja, Lindsay. Jingine lifungiwe kabatini. Fataki nazo, vile vidude vya kitakoni vinavyoiwasha baruti, zibaki kwenye pakiti zake, mbali na moto na mbali na sigara za wageni.

Kuhusu kipimo chake: hapana. Kipimo cha bunduki yake si cha bunduki yako, kama meno yake ya bandia yasivyo ya kinywa chako. Anza na kile cha chini kabisa kitabuni, upande kidogo kidogo, na kila mara uangalie fataki iliyopigwa. Ukiiona imebapa, au bolti, lile komeo la bunduki, ikiwa ngumu kufunguka, umevuka. Rudi chini.

Anakusalimu. Anasema Noreen akulishe vizuri.

Shangazi yako,
Enid


Tilparra
15 Aprili 1984

Shangazi, pamoja na Mzee wangu,

Salamu kutoka kwenye matope. Noreen amepanda maboga nyuma ya nyumba na yanatambaa kuja dirishani. Nalala na jicho moja wazi. Mbwa kaumwa na kitu puani, hatujui nini, naye hasemi.

Mashine imefika, ya hatua moja moja kama mlivyoagiza. Ni chuma cheusi kinachofanana na kitu cha kukamulia machungwa jela. Nimeifunga kwenye meza ya stoo. Noreen akaja kuitikisa, meza ikatikisika, na ukuta nao ukatikisika. Akasema, "Mashine safi. Tatizo nyumba." Tukamalizia kwa kupigilia meza kwenye nguzo.

Kitabu kilisema nipake grisi kila ganda kabla ya kulisukuma ndani ya kalibu. Hakikusema vizuri nini kitatokea nisipopaka, kwa hiyo nikafanya utafiti. Ganda likanasa humo kama mguu wa mteja kwenye kiatu kidogo, na mimi katika hilo nina uzoefu, ila pembe ya kuvalia viatu haikusaidia. Nilivuta mpaka ukingo wa kitako cha ganda ukanyofoka, nikaanguka chali kwenye gunia la chumvi ya kondoo. Noreen aliomba nirudie, ili aangalie vizuri.

Halafu mizani. Mkono wake ulikuwa unacheza kama mlevi anayetafuta funguo. Nilisawazisha meza. Nilibana pumzi. Nilianza kuandika barua kali kwa kiwanda. Noreen akaingia, akatazama juu, akazima feni.

Nguruwe wameongezeka. Tumeona nyayo mpaka kwenye lango la malisho ya majike.

Mzee wangu, nina ombi. Shangazi anaandika vizuri, lakini nina hamu na mkono wako. Hata mistari miwili. Nitaibandika juu ya mashine inipe nguvu.

Lindsay


Franklin
2 Mei 1984

Lindsay mwanangu,

Huku baridi imeingia, mlima una theluji na tumeanza kuwasha jiko mapema. Athol, katibu wa klabu ya shabaha, alipita kututazama akakaa kidogo. Nimetengeneza chatine nyingi kupita kiasi; mkipata kifurushi kizito msishangae.

Mkono wa Mzee wako unamsumbua siku hizi, kalamu haikai. Nitaendelea kuandika mimi.

Ganda lililonasa: litoboe katikati ya kitako, tengeneza njia ya skrubu, ingiza bolti ndefu yenye washa, kisha kaza taratibu, litatoka lenyewe likiwa na aibu. Usiwe mnyonge. Hakuna anayefanya kazi hii ambaye hajawahi kunasisha ganda, na anayesema hajawahi ana kalibu nyingine iliyofichwa.

Sasa sikiliza hili kuliko yote niliyowahi kuandika. Ukishamimina baruti kwenye maganda yaliyo kibaoni, usifunge hata moja. Chukua tochi, inamisha kichwa, tazama ndani ya kila ganda moja baada ya jingine. Baruti inatakiwa isimame sawa kwenye yote. Lililo tupu utalijua, lililozidi utalijua. Ndipo uweke vichwa vya risasi. Na mtu akikuita ukiwa katikati ya kazi, usijiambie utakumbuka ulipofikia. Hutakumbuka. Rudisha baruti yote kwenye kopo, anza upya. Hakuna redio, hakuna mgeni, hakuna bia, na usifanye ukiwa na hasira.

Hutakumbuka, mwanangu. Nasema tena.

Anakusalimu.

Enid


Tilparra
20 Mei 1984

Shangazi mpendwa, na Mzee wangu,

Natumai hamjambo. Sisi hatujambo.

Mto umepanda na barabara ya udongo mweusi imefungwa. Gari la posta halijafika muda mrefu, hii nampa jirani mwenye boti aipitishe ng'ambo. Hatujapata neno lenu tangu Machi, na si kosa la mtu.

Kondoo wameanza kuzaa. Maboga yamekomaa, Noreen ametengeneza skoni, vile vikate vidogo, za maboga. Pua ya mbwa imepona. Kumekuwa na baridi asubuhi. Redio inasema mvua nyingine inakuja.

Basi, ni hayo tu.

Lindsay


Franklin
6 Juni 1984

Lindsay,

Tumepata barua yako. Nimefurahi kusikia habari za skoni.

Nimeisoma tena, kisha tena. Wewe ambaye ukinasisha kitu kimoja tu unaniandikia kurasa nne, safari hii umeniandikia habari za hali ya hewa. Hukutaja bunduki. Hukutaja mashine. Hukujicheka hata mahali pamoja. Mara ya mwisho kuniandikia namna hii ulikuwa kwenye bweni la shule, umevunja dirisha la kanisa.

Nani ameumia?

Jibu kwa boti, kwa farasi, kwa njia yoyote.

Enid


Tilparra
24 Juni 1984

Shangazi,

Hakuna aliyeumia. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo uliloniuliza. Gari la posta limepita jana na kuleta barua zenu mbili kwenye mfuko mmoja. Nimeisoma ya Juni kwanza, halafu nikafungua ya Mei, ile ya tochi. Nilikaa chini kwenye ngazi.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimeshatengeneza risasi kadhaa nzuri, nimezijaribu kwenye kopo tupu, kopo limekubali, na kichwa changu kimevimba kuliko kopo. Nikakaa kutengeneza nyingine. Nikiwa namimina baruti mbwa akabweka, nikatoka nikakuta nyoka kajiviringisha kwenye buti langu. Tulishughulika na nyoka. Nikarudi nikijiambia nakumbuka nilipofikia. Nilikuwa na uhakika kabisa, Shangazi, ule uhakika wa mtu aliyewahi kumuuzia hakimu viatu viwili vya mguu wa kushoto.

Kesho yake alasiri tulikwenda malishoni, mimi na Noreen. Dume kubwa la nguruwe likatoka kwenye matete na kumwelekea jike aliyekuwa anazaa. Nikapiga magoti, Noreen kando yangu, bega kwa bega. Nikavuta. Badala ya mshindo ikatoka sauti ndogo, kama mtu anayefungua chupa ya bia msibani. Nguruwe aligeuka akanitazama. Naapa alinihurumia.

Nikadhani fataki mbovu. Kwa kuwa nina haraka, nikavuta bolti, ganda likatoka, nikaanza kusukuma risasi nyingine. Noreen akaushika mkono wangu.

"Acha."

"Anaondoka, Noreen!"

"Mwache aende. Kichwa kiko wapi?"

"Kichwa gani?"

"Cha risasi, wewe bwana! Ganda limetoka tupu. Kichwa kimekwenda wapi?"

Nikatazama ardhini, kama mtu aliyedondosha ufunguo. Yeye akaichukua bunduki mikononi mwangu, akatoa bolti, akauangalia mtutu kwa nyuma kuelekea mwanga. Mwanga haukuwepo. Ganda lile nilikuwa nimelisahau bila baruti, na fataki peke yake ilikuwa imekisukuma kichwa kikakwama katikati. Ile risasi ya pili, yenye baruti yake yote, ningeipiga ikutane nacho na kuipasua bunduki, na uso wa Noreen ulikuwa umbali wa kiganja kutoka kwenye bunduki.

Tukarudi nyumbani. Alipomaliza kuvua mabuti akasema, "Lindsay, sifai kuwa mjane. Nyeusi hainipendezi. Na wewe hufai kuzikwa, utachelewa." Akaenda jikoni, nikamsikia analia ndani ya sinki akiwa amefungulia maji.

Fundi wa bunduki mjini alikitoa kichwa kile bila kuuliza lolote, na hilo lilinichoma zaidi kuliko angeuliza. Mwanakondoo wa yule jike hatukumpata.

Nimefunika mashine kwa gunia. Sitaigusa tena. Mwambie Mzee Merv nimemwangusha, na nataka nimwambie mwenyewe kwa mdomo wangu. Alhamisi tukienda mjini nitapiga simu kutoka posta. Mpe simu, Shangazi, hata kama mkono unamsumbua, sikio si mkono.

Lindsay


Franklin
9 Julai 1984

Mwanangu,

Ulipiga, ukanisikia nikisema amelala, mchana. Hakuwa amelala. Alikuwa amesimama mbele yangu amevaa koti la mvua ndani ya nyumba, ananiuliza mimi ni nani ninayeongea na ukuta.

Sasa nitakuandikia yale ambayo nimekuwa nikiyazunguka tangu Machi kama paka kuzunguka beseni la kuogea.

Miaka michache iliyopita bunduki ya Mzee wako ilimpasukia kiwanjani. Mbao za kitako zilichanika, kipande kikamchana shavu, miwani ndiyo iliyoliokoa jicho. Klabuni tulisema bunduki ilikuwa imezeeka. Ilikuwa mpya kuliko mimi. Nilipoingia kwenye chumba chake cha kazi nilikuta mezani makopo mawili wazi, moja la baruti ya bunduki yake, jingine la baruti kali ya bunduki ya kupigia ndege. Nikamuuliza, "Merv, ulichota lipi?" Akayatazama muda mrefu. Halafu akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nilitaka sukari.

Ndipo nilipojua.

Ningeweza kumnyang'anya vyote. Daktari alisema hivyo, na alikuwa na haki. Lakini Jumamosi ya klabu ndiyo siku pekee aliyoamka akijua ni siku gani. Nikalifungia lile kopo kali, nikaliacha moja, na funguo nikaziweka kwenye mfuko wa aproni. Nikamwachia atengeneze risasi zake huku nimeketi naye nafuma soksi. Baada ya chakula cha mchana, akijinyoosha, nilizifungua zote, nikamwaga baruti, nikatengeneza zangu na kuzipanga kwenye sanduku lake. Nilikuwa nimekaa pembeni mwa meza ile tangu tulipooana, nampa maganda, namshikia tochi. Yaliyobaki niliyasoma kitabuni, zile kurasa za mwanzo. Ganda langu la kwanza lilinasa, Lindsay. Nilivuta mpaka nikavunja kucha na kutukana kwa maneno ambayo sikujua ninayo.

Kuhusu kupiga, aliweza bado. Mikono yake ilikumbuka kila kitu. Athol alikuwa akilala kando yake mkekani, akimpa risasi moja moja, na Athol pekee ndiye niliyemwambia. Lile kombe unalolisema alilitwaa kwa risasi zangu. Nilipiga makofi kuliko watu wote, akanionyesha kwa wenzake akasema, "Huyu hajui mbele wala nyuma ya risasi, lakini ana moyo." Nikapiga makofi zaidi.

Tangu Krismasi ya juzi hajagusa bunduki. Hajui tena vyombo vile ni vya nini. Siku nyingine ananiita Dot, jina la dada yake. Kila nilipokuandikia "anasema", nilikuwa nasema mimi. Usinikasirikie. Nilipoona barua imeandikwa "pamoja na Mzee Merv", nikaona kuna nyumba moja duniani ambako bado yupo mzima, ameketi mezani kwake, anaulizwa mambo. Sikutaka kuifunga nyumba hiyo.

Kwa hiyo hukumwangusha. Kama umemwangusha mtu ni mimi, na mimi sijaanguka, goti tu ndilo linaloniangusha.

Ondoa gunia kwenye mashine. Mtu aliyetishika ndiye ninayempenda kwenye meza ile kuliko aliyejiamini. Na mwambie Noreen nimemtengea kitabu changu cha mapishi, na kitu chochote kingine atakachokitaka kwenye nyumba hii.

Enid


Tilparra
12 Agosti 1984

Shangazi,

Safari hii bahasha nimeiandika jina lako peke yako, na mkono ulisita kwenye nafasi iliyobaki.

Nilimsomea Noreen barua yako jikoni. Nilipofika kwenye soksi nikashindwa, akanipokonya akamalizia yeye kwa sauti. Akasema, "Haya. Kesho tunaondoa gunia." Tunaondoa, Shangazi, si unaondoa. Sasa tunafanya wawili. Mimi namimina, yeye anashika tochi na kukagua kila ganda kama askari wa forodha, na mpaka aseme "pita" siweki kichwa. Mbwa amefungwa nje. Mlangoni nimetundika ubao: USIITE. Mtu wa kwanza kuita alikuwa kasisi, akaondoka na skoni zake.

Tulianza upya na kipimo cha chini kabisa. Zile nilizozitengeneza zamani tulizifungua zote, na katikati yake tukakuta nyingine tupu. Noreen aliiweka dirishani, jikoni, ninapooshea vyombo, na vyombo sasa naviosha mimi.

Lile dume tulilipata wiki iliyopita, karibu na lango. Kwa ukweli alilipata Noreen. Mimi nilikuwa napiga chafya. Majike waliochelewa wamezaa salama, watoto wanaruka-ruka kwenye matope kama wamelipwa.

Sijui niseme nini kuhusu Mzee. Nilitaka kuandika pole, neno likaonekana dogo kwenye karatasi. Tutakuja Novemba baada ya kukata manyoya, tukae nanyi. Hata akiniita Dot, nitaitika.

Ila kuna jambo linanikera. Umetengeneza risasi za kutwalia kombe, na wewe mwenyewe hujawahi kulala kwenye mkeka ule ukapiga hata moja? Klabu si ina mashindano ya majira ya kuchipua? Noreen anasema usipojiandikisha atampigia Athol simu, kwa laini hii hii ya majirani, wilaya nzima isikie.

Mwanafunzi wako,
Lindsay


Franklin
21 Oktoba 1984

Wanangu Lindsay na Noreen,

Mitufaha imechanua yote, hata ule uliopogolewa Machi, sijui kwa ujeuri gani. Chumba chenu nimekitandika tayari. Leteni mabuti.

Noreen, ulipiga simu kweli. Athol alikuja akicheka, fomu mkononi, akasema mwanamke mmoja kutoka mwisho wa dunia amemtisha. Nikajiandikisha. Alinifundisha Jumamosi kadhaa, na bega langu likawa na rangi zote za madirisha ya kanisa la Kikatoliki. Kulala kwenye mkeka naweza. Kuamka ndiko kulihitaji wanaume wawili.

Jana ndiyo yalikuwa mashindano. Nilimchukua Merv, nikamkalisha kwenye kiti chenye jua, blanketi magotini, Athol kando yake. Wale wanaume walikuwa wapole kwangu, ule upole wa kumpisha mtu mwenye keki. Mmoja akauliza, "Enid, umekuja na risasi za Merv zilizobaki?"

Nikamwambia, "Hizi ni zangu."

"Zako vipi?"

"Nimezitengeneza mimi. Na zile za kombe pia."

Athol, ambaye alikuwa ameificha siri ile mpaka ikamtoa mvi, akaanza kupiga makofi peke yake kabla hata sijapiga risasi.

Msifikirie nilishinda. Risasi yangu ya kwanza nilimzawadia jirani: iliingia katikati kabisa ya shabaha yake, na yeye alishukuru. Nilisahau kuvuta pumzi, halafu nikasahau kuitoa. Lakini baadaye nikatulia, na zile za mwisho zilikaa pamoja kama vifungo vya koti. Nimekuwa wa tisa. Tulikuwa kumi na mmoja, na mmoja aliondoka mapema kwenda kumkamua ng'ombe.

Nilipokuwa nakusanya maganda yangu nikasikia sauti ya Merv nyuma yangu, imara, ile sauti yake ya zamani. Alikuwa anamwinamia Athol.

"Yule mama ni nani?"

Athol akanigeukia. Nikasogea mwenyewe, nikachuchumaa mbele ya kiti, goti likalalamika.

"Anaitwa Enid," nikamwambia.

"Risasi zake zinakwenda sawasawa. Nimezisikia. Kila moja kama mwenzake." Akanitazama usoni, akapunguza sauti kama mtu anayeomba siri. "Ameolewa?"

"Ameolewa."

Akasikitika kidogo, nikaona. Akavuta blanketi lake, akafikiri, halafu akanishika mkono wenye harufu ya moshi.

"Basi mwambie huyo mumewe," akasema, "asiiguse baruti ya mkewe."

Nikamwambia nitamfikishia.

Enid